Kaza, Mzee, Kaza

Odera aliponzwa na kusema kweli. Usicheke. Waliofungwa na uongo wao wamejaa mjini, hata hapa Kisenyi ukirusha jiwe utampata mmoja. Odera yeye alisimama mbele ya watu, akasema alichokiona kwa macho yake mawili bila kuongeza chumvi, na kwa maneno hayo akajifungia miaka miwili katika karakana ya Mama Lanyero, kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya ghala la mkaa na mashine ya kusaga mahindi.

Alikuwa Mjaluo wa Ugenya, ng'ambo ya mpaka, fundi wa mageti mwenye kifua kipana na maneno machache. Miaka minane nyuma alikuja Kampala kwa miezi sita tu. Miezi sita! Kila mgeni wa mji huu ana miezi sita yake. Mkewe, Nafuna, Msamia wa Busia, alibaki nyumbani na watoto, na kila Jumapili alipopigiwa simu aliuliza swali lile lile: unakuja lini? Odera naye alikuwa na jibu lake lile lile. "Mama Lanyero hajaniachia."

Nafuna aligomba mwaka wa kwanza, akagomba wa pili, akagomba mpaka majirani wakazoea. Baada ya Pasaka ya mwaka huu akaacha kugomba. Hapo ndipo Odera alipoanza kuogopa, maana mke anayegomba bado anakutaka. Jumapili moja Nafuna akampigia yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Baba Okinyi, leo sikuulizi," akasema. "Nakwambia. Jumatatu ya wiki ijayo nataka kukuona kwenye mlango huu. Umenipa tarehe tatu, zote zimepita nikikungoja. Usipokuja Jumatatu hiyo, usije tena. Kaa huko huko na huyo mama yako."

Akakata. Odera akabaki ameshika simu kama aliyeshikishwa kaa la moto. Siku nane. Na ili atoke, ilikuwa sharti kwanza apatikane mtu wa kuiweza jiliwa.

Hiyo jiliwa nitaieleza mara moja tu, aliyewahi kuingia karakana anivumilie. Kisenyi wanaiita vaisi. Ni mataya mawili ya chuma yaliyofungwa juu ya meza ya mashine ya kutoboa, kazi yake kushika bamba la chuma lisitikisike biti inaposhuka. Jiliwa za kawaida unazungusha parafujo, unazungusha, unazungusha, mpaka bega liume. Hii ilikuwa ya kukaza haraka. Unasukuma taya kwa kiganja mpaka liguse bamba, halafu unavuta mkono wa chuma mara moja, kwa! imeshika. Siri iko chini: pale pana reli yenye meno, na kichwa cha ule mkono kina umbo la yai, ukiuvuta yai linageuka na kulisukuma taya hatua ya mwisho. Afande, marehemu mume wa Mama Lanyero, aliinunua mnadani alipostaafu jeshi, na kwa miaka mingi mabamba ya bawaba yalitobolewa mia moja kabla ya chakula cha mchana.

Ikishika, ni raha. Lakini mikononi mwa Odera ilikuwa na tabia ya kuliachia bamba ghafla, biti ikiwa katikati ya tundu, na hapo bamba huzunguka kama panga la feni, na mwenye mkono karibu ajiombee.

Aliyekuwa akiitumia tangu enzi za Afande ni Mzee Sadik. Mganda, Mwislamu, mzaliwa wa Kisenyi hiyo hiyo, mtu wa kofia safi na kitambaa kikavu kisichotoka begani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Odera naye alijivunia kwamba Kiganda chake kinaishia sokoni kwenye matoke. "Kiswahili kinatosha," alikuwa akisema. "Asiyekijua akisome." Basi watu wawili hao walifanya kazi chini ya bati moja miaka sita, mmoja kona hii na mageti yake, mwingine kona ile na mashine yake, wakisalimiana asubuhi na kuagana jioni. Mara chache Odera alipoona kazi inatikisika alimpigia kelele, "Kaza, mzee!" Na kila mara Sadik alizima mashine, akachukua kitambaa chake kwanza, akapangusa jiliwa pole pole kama anayeosha mtoto, ndipo akavuta mkono. Jiliwa ikashika. Odera aliona ni dharau. Mtu unamwambia kaza, yeye anafanya usafi!

Agosti ya mwaka juzi mkono wa jiliwa ulianza kutetemeka mashine ikiwa imewaka. Odera alikuwa hatua kumi, ameshika geti. Akaona, akapiga ukelele wa kweli safari hii, "Kaza, mzee! Kaza!" Sadik akashtuka. Hakuzima mashine. Akapeleka kitambaa pale pale, biti inazunguka, na biti ikakila kitambaa na vidole viwili vya mkono wa kulia pamoja nacho.

Walimkimbiza Mulago kwa bodaboda, Odera mwenyewe amemshikilia nyuma. Damu ile ilimkauka kwenye suruali. Sadik alipopona jeraha kikaitishwa kikao, palepale karakanani, chini ya Obura, shemeji yake Mama Lanyero, polisi mstaafu anayeamini kwamba kila jambo lina mkosaji na mkosaji yumo chumbani. Kikao cha watu wa kambi za askari: kila kitu kwa Kiswahili. Odera akaulizwa ameona nini.

"Nilimwambia kaza," akasema. "Mara mbili. Badala ya kushika mkono wa jiliwa akapeleka kitambaa."

Sadik akaruka. "Nirikaza! Wallahi, yeye anasema kaza, mimi nakaza!"

Watu wakatazamana. Mkono wa jiliwa ulikutwa umelegea, kitambaa kimejisokota kwenye biti, na mzee mzima na kofia yake anaapa kwamba alikaza! Obura akamwita mwongo. Mama Lanyero akainamisha kichwa. Odera, Mungu amsamehe, akaongeza kidogo tu, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Sadik akavaa viatu, akaondoka, hakurudi hata kuchukua mwavuli wake.

"Sasa wewe Odera," Mama Lanyero akasema siku ile ile, "wewe najua makosa ya Sadik ilikuwa wapi. Basi wewe nashika hii mashine. Na hapana toka hapa mpaka nafundisha mtu ingine, asikatike kama huyu. Unaahidi?"

Angesema nini? Mama huyu alimpokea akiwa na begi moja na homa ya matumbo, akamlaza nyumbani kwake, akamlisha uji kwa kijiko. Akaahidi mbele ya Obura. Na ahadi kwa Mama Lanyero haikuwa mchezo, mjane yule alikuwa amemzika mume na wana wawili na hakuna neno lake aliloliacha lianguke.

Kumbe hakuna anayefundishika. Odera alijifunza kazi yake Kisumu, kwa mwalimu aliyekuwa akisema chuma bila oili ni maiti, na jiliwa aliilisha oili asubuhi na jioni, kwenye reli, kwenye meno, kwenye yai, kila mahali. Ikiteleza, anakaza. Ikiteleza zaidi, anakaza zaidi. Mwisho akachomeka bomba la futi tatu kwenye mkono wa jiliwa, akawa ananing'inia kwa uzito wote, na mkono ukapinda. Kwa kifua chake kile aliiweza. Mwingine nani? Ochan, kijana mwenye misuli ya kubeba magunia, alidumu wiki. Bamba likamponyoka likatoboa bati la paa, naye akatoka na hajaonekana tena. Odoch, aliyemfuata, alikaa siku mbili. Mtaani wakaanza kuiita mla vidole, na ukimtajia mtu kazi ya kwa Mama Lanyero anauliza kwanza, ni kwenye mashine ile?

Alikuja Alal. Mwanamke wa Lira, binti wa askari, mwembamba, miaka thelathini na kitu, amewahi kushona viatu vya jeshi kwa mashine na haogopi kelele. Alijua kusoma kipimo kuliko Odera. Lakini mikono yake! Alhamisi, zikiwa zimebaki siku nne, alining'inia kwenye lile bomba, miguu yote miwili hewani, na jiliwa haikumjali.

"Fundi," akasema akihema, "kitu cha kukaza haraka kinawezaje kutaka watu wawili?"

"Kaza, usiongee."

"Nimekaza."

"Kaza tena!"

Alal akashuka, akajifuta mikono kwenye khanga. "Kuna mtu aliyekuwa akiiweza kabla yako," akasema. "Si umuulize?"

Odera akakasirika, kwa sababu ni jambo alilolifikiria na kulikimbia kwa miaka miwili. Alijua Sadik yuko wapi. Anapima misumari kwa mkono wa kushoto katika duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa tatu kutoka hapo. Ndiyo maana Odera hakuwa akipita mtaa huo. Akitaka chakula cha Wasomali, chakula anachokipenda kuliko vyote, alizunguka kupitia nyuma ya stendi ya mabasi ili asipite mbele ya duka lile. Ukimtazama vizuri, mtu huyu dunia yake ilikuwa imebaki njia mbili: ya kulala na ya kazini.

Usiku ule hakulala. Sibuni, aliniambia mwenyewe. Aliona mlango wa Nafuna ukifungwa. Ijumaa baada ya swala ya mchana akaenda.

Sadik alikuwa nyuma ya mizani, kofia nyeupe, ndevu zimeongeza mvi. Hakukunja uso. Hilo lilimuuma Odera kuliko tusi.

"Mukenya!" akasema. "Habali ya siku mingi? Nilidhani walikuludisha kwenu."

"Bado, mzee wangu. Shikamoo." Odera hakuwa na desturi ya kumwamkia shikamoo. Ilimtoka tu. "Nimekuja kuuliza. Ile vaisi. Uliifanya nini ikawa inashika? Mimi nimeikaza mpaka mkono wake umepinda."

"Umekaza na nini?"

"Na bomba. Naingiza bomba refu, navuta."

Sadik alicheka mpaka akakohoa, akashika meza. "Banange! Bomba inakaza namna gani? Unakaza na kitambala!"

"Kitambaa?"

"Kitambala kikavu. Napangusa oili yote kwa meno, kwa leli, kwa ile yai. Napangusa mpaka inakala, kavu kabisa. Kisha chaki kidogo. Oili unaweka tone moja, kwa pini tu, pale mukono anazunguka. Meno hapana oili! Meno akikunywa oili anatereza. Ukikaza vizuri, mukono ya mutoto inatosha."

Odera akasogea karibu na mizani. "Mzee," akasema pole pole, "kwenu, kaza ni nini?"

"Kaza ni kaza." Sadik akamtazama kama mtu anayeulizwa maji ni nini. "Nguo ina maji, unaweka kwa jua, unakaza. Unafanya ikuwe kavu."

"Na kufunga kwa nguvu? Kubana kitu kisitoke?"

"Hiyo ni kunyweza." Akaonyesha kwa ngumi, na ile ngumi ilikuwa ya mkono wa kulia, wenye vidole vitatu. Akaitazama yeye mwenyewe, akaishusha. "Na ile nati ya nyuma ya vaisi usinyweze sana. Wacha mukono ashike kabla ya kufika mwisho, abakishe kidogo. Ukisikia amefika mwisho ndiyo anashika, jua meno imechakaa, piga tupa."

Mteja akaja, akapimiwa misumari, akaenda.

"Nikuulize na mimi," Sadik akasema. Sauti haikupanda. "Siku ile wewe unasema kaza. Mara mbiri. Kwa kelere, kama moto unawaka. Mimi nasema, huyu ameona oili mingi, nikaze haraka, hata mashine sikuzima. Nikaweka mukono. Kisha kwa kikao munasema Sadik muongo. Mimi narudi nyumbani, namuuliza mke wangu, watu hawa nimewafanyia nini? Mutu anakutuma, unafanya, kisha anasema hukufanya. Kwa nini, Odera?"

Jibu lilikuwa pale, kwenye ulimi, fupi kabisa. Odera akafungua mdomo. Akafikiria Jumatatu. Akafikiria kwamba kama atasema, jambo litafunguliwa upya, na jambo likifunguliwa haliishi kwa siku mbili.

"Nitarudi, mzee," akasema, akaondoka kama mwizi.

Jioni ile yeye na Alal waliifungua jiliwa yote. Chini ya taya walikuta uji mweusi wa oili na machicha ya chuma umejaa kati ya meno, umeganda. Alal akaukwangua kwa brashi ya waya na bisibisi. Odera akapiga tupa ya pembe tatu kwenye meno yaliyolika, jino baada ya jino, akaunyoosha mkono uliopinda, akaibadilisha springi iliyolegea. Wakapangusa kwa kitambaa kikavu, wakapangusa tena, wakapaka chaki. Tone moja la oili kwenye pini. Nati ya nyuma akaizungusha, akajaribu, akairudisha robo, akajaribu, mpaka mkono ukawa unashika ukiwa umebakisha upana wa kidole.

Alal akaweka bamba, akasukuma taya, akavuta kwa vidole vitatu. Kwa! Akalipiga bamba nyundo. Halikutikisika. Akaruka juu akapiga kigelegele kilichowatoa watu wa mkaa nje. "Fundi! Umeirogoa! Siri yako umeificha miaka yote hii?"

Odera akacheka na yeye, kicheko cha meno tu. Alikuwa akiitazama kazi iliyochukua saa mbili na kitambaa cha senti tano. Saa mbili! Na kwa kukosa hizo amekaa humu, na mzee yule anapima misumari kwa kushoto.

Akampigia Nafuna hata hivyo. "Nakuja," akasema. "Kesho ni mtihani wa mwisho. Jumapili napanda basi."

Akasikia mkewe anavuta pumzi. "Kweli?"

"Kweli."

"Basi nitamkamata yule jogoo mwekundu," Nafuna akasema, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya msichana aliyemwoa. "Ananisumbua bustanini. Alikuwa anakungoja wewe."

Jumamosi Mama Lanyero akaketi kwenye kiti chake, miwani puani, mabamba arobaini ya bawaba sakafuni. Alal akayatoboa yote, matundu manne kwa kila bamba, na kila baada ya mabamba kumi alisimama, akazima mashine, akapangusa machicha, akakausha meno ya reli. Hakuna lililoponyoka. Saa sita kasoro Mama Lanyero akainuka na kupima tundu la mwisho kwa mikono yake.

"Odera," akasema, "umefanya. Neno langu ni moja. Nakuachia. Kesho enda kwa bibi yako, na Mungu akutangulie." Akamshika mkono kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa na maji. Kisha akamgeukia Alal. "Na wewe, ukiambiwa kitu na fundi, unasikia. Sadik alikatika juu ya kiburi. Ameambiwa kaza, yeye napeleka kitambaa."

"Kwa nini alipeleka kitambaa?" Alal akauliza. Aliuliza tu, mwanamke wa kutaka kujua mambo.

"Ubishi! Nini ingine?"

Begi la Odera lilikuwa mlangoni, limefungwa tangu alfajiri. Kutoka hapo hadi stendi ya mabasi ni mwendo wa dakika sita, na utingo walikuwa wakisikika wakiita Busia, Busia, Busia. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Mimi ningenyamaza, nasema wazi, na wewe pia usijifanye malaika. Alitaka kunyamaza.

"Mama," akasema, "hakuwa mbishi. Alinisikia."

"Nani?"

"Sadik. Kwao kaza ni kukausha. Nilimwambia akaushe, akakausha. Mimi ndiye niliyeupeleka mkono wake pale. Nimejua jana." Na kwa kuwa alishaanza, akamaliza. "Kwenye kikao alisema kweli. Tukamwita mwongo."

Mama Lanyero alivua miwani. Akaketi.

"Sadik alibeba jeneza ya Afande," akasema. "Mpaka Gulu. Alikaa na sisi wiki nzima, analala chini. Na mimi nilimwacha atoke hapa kama mbwa." Akamtazama Odera kwa macho ambayo Odera hakuwahi kuyaona kwake. "Wewe ulijua jana. Leo asubuhi nakutazama unafunga begi."

"Ndiyo, Mama."

"Obura iko Gulu. Yeye nakuja Jumatano. Tutakaa kikao tena, hapa hapa, na Sadik ataitwa, na mtu ataeleza mbele yake." Akainuka. "Lakini mimi nimesema nakuachia, na sirudi nyuma. Hapana sema mama amekufunga. Kama unataka kwenda, enda. Nitamweleza mimi, na Kiswahili yangu hii."

Akaingia ndani. Alal akajishughulisha na ufagio.

Odera alisimama pale muda mrefu kiasi cha utingo kuondoa basi moja na kuanza kuita la pili. Miaka miwili alikuwa ameliota lango la karakana ile, jinsi atakavyolipita bila kugeuka nyuma, na sasa lilikuwa wazi na hakuna aliyelizuia. Alikuwa na swali la mzee aliloliacha mezani kwenye misumari. Kwa nini, Odera? Angemjibu kutoka Ugenya kwa simu? Kwa lugha gani? Hasira zikamjaa, akamchukia Sadik, akamchukia Obura na Gulu yake, akamchukia Alal na maswali yake, akajichukia mwenyewe zaidi ya wote hao. Kisha akatoa simu.

Nafuna alipokea mara moja. Nyuma yake kuku walikuwa wakipiga kelele. "Umeshakata tiketi?"

"Mama Okinyi," akasema, "Jumatatu sitafika."

"Mama Lanyero amekataa tena?" Nafuna akauliza. Haikuwa sauti ya ugomvi. Ilikuwa sauti ya mtu anayekamilisha fomu.

Jibu lile la Jumapili zote lilikuwa tayari. Angelitumia mara moja zaidi, lingemwokoa.

"Hapana," akasema. "Ameniruhusu."

"Kwa hivyo hakuna aliyekushika."

"Hakuna."

"Ni wewe."

"Ni mimi." Akageukia ukutani Alal asimwone uso. "Kuna mzee mmoja hapa, Nafuna, nilimfanyia jambo. Kuna neno moja nilimwambia..."

Simu ikakatika. Odera hakujua kama ni mtandao au ni mke. Akaketi juu ya begi lake, jina la Nafuna likiwaka kwenye kioo, kidole gumba juu yake, na hakubonyeza.